Barabara Si ya Motokaa Peke Yake

Kuna mambo ambayo macho yetu yameyazoea hata hayayaoni tena. Moja katika hayo ni baisikeli. Mtu akihesabu mali ya taifa atahesabu katani, kahawa, bandari, reli na madini, lakini hataihesabu baisikeli iliyoegemezwa ukutani kwa mkulima. Sisi twasema ihesabiwe. Na kama kuna sehemu ya nchi yetu ambako yapasa ihesabiwe kwanza, ni Mkoa wa Tanga. Huko milima yenye misitu ya mvua imekaribiana na bahari hata mtu aweza kuamka penye baridi na ukungu, na kabla ya jua kuchwa akaoga maji ya chumvi, naye amekwenda kwa nguvu ya miguu yake mwenyewe.

Jambo tunalotaka kusema ni moja, nalo twalisema mapema. Mkoa huu una kila kitu cha kuzaa wapanda baisikeli hodari wa barabarani. Una milima, una tambarare, una pwani, una joto na upepo, na una watu waliozoea kukanyaga pedali tangu utoto. Umekosa kitu kimoja tu, nacho ni nafasi barabarani. Taifa lisilompa mchuuzi wa samaki mita moja na nusu ya kupita salama halina haki ya kuuliza kwa nini halina bingwa.

MILIMA, TAMBARARE NA BAHARI

Tuanze na nchi yenyewe, maana wengi huisifu bila kuijua. Mombo iko chini, yapata mita 400 juu ya usawa wa bahari. Lushoto iko yapata mita 1,400. Kati yao pana barabara ya lami ya kilomita 33 hivi, ipandayo kona baada ya kona, mwamba upande mmoja na korongo upande wa pili, ikipita Soni penye maporomoko ya maji. Hesabu yake ni rahisi: mita 1,000 za kupanda katika kilomita 33, yaani mita tatu kwa kila mita mia. Kwa dereva wa basi hilo si neno. Kwa mtu aliye juu ya baisikeli ya chuma isiyo na gia, na gunia kwenye keria, ni kazi ya asubuhi nzima, na mahali pengi hushuka akasukuma.

Kuteremka nako kuna mambo yake. Wazee walisema: kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Wakati wa masika, tangu Machi hata Mei, lami huloa, majani huanguka, na udongo mwekundu huteremka toka mashambani ukawa utelezi juu ya njia. Raba ya breki ikikutana na rimu iliyoloa haishiki mara moja. Hufuta maji kwanza, ndipo ishike, na katika muda huo mdogo baisikeli imekwisha kwenda mbali. Kwa hiyo kijana wa Lushoto hujifunza kubana breki mapema na kidogo kidogo, kabla ya kona wala si ndani ya kona, na kutazama njia iendako wala si tairi yake. Elimu hiyo huko Ulaya hununuliwa kwa fedha nyingi. Yeye huipata akipeleka kabichi sokoni.

Upande wa mashariki iko Usambara ya Amani. Mvua yake hukaribia milimita 2,000 kwa mwaka, na msitu wake umekuwa hifadhi ya mazingira asilia tangu mwaka 1997. Njia ipandayo huko toka Muheza ikinyeshewa huwa tope na mawe, lakini baisikeli hupita, zikishuka na iliki, mdalasini na pilipili manga. Muheza kwenyewe ni nchi ya machungwa. Toka hapo kwenda Tanga njia hulegea, milima hubaki nyuma, na hewa huanza kuwa nzito yenye jasho.

Mjini Tanga baisikeli ni kama kiatu. Mwanafunzi anayo, fundi mwashi anayo, muuza mikate anayo, na si ajabu kumwona mama wa kanga na mtandio akipita zake, mtoto nyuma na kikapu mbele, wala hapana anayegeuka kumshangaa. Ukitoka Tanga kwenda Pangani, kusini, utapita katikati ya katani na minazi, na hapo mpinzani wako si mlima tena bali ni upepo. Kusi likivuma, tangu Aprili hata Septemba, mtu aendaye Pangani hulipokea kifuani. Kaskazi likiingia mwisho wa mwaka, humsukuma mgongoni, na taabu huwa wakati wa kurudi. Mabaharia wetu walizijua pepo hizi karne nyingi. Wachuuzi wa samaki huzijua vile vile, ingawa hapana aliyewaita wataalamu.

BARABARA ZILIJENGWA KWA AJILI YA NANI?

Msomaji atauliza: ikiwa watu wanapanda hivyo, njia yao iko wapi? Jibu limo katika historia. Wajerumani walianza kujenga reli toka Tanga mwaka 1893, na mwaka huo huo miche ya katani ililetwa nchini. Reli ilifika Mombo mwaka 1905. Haikujengwa ili Msambaa akamtembelee Mdigo. Ilijengwa ili mazao yateremke bandarini. Barabara zilizofuata, na zile za Waingereza baada yao, zilifuata mawazo hayo hayo: toka shamba mpaka stesheni, toka stesheni mpaka melini. Mtu wa miguu hakuwamo katika ramani. Alipita ukingoni, kwenye majani, na honi ikilia aliruka mtaroni.

Katika hali hiyo baisikeli ilikuwa kitu kikubwa. Ndicho chombo cha kwanza chenye magurudumu ambacho Mwafrika wa kawaida aliweza kukinunua kwa jasho lake na kukiita chake. Hakungoja hisani ya bwana shamba apewe nafasi nyuma ya lori. Alijiendea. TANU ilipoanzishwa tarehe 7 Julai 1954, haikuwa na motokaa za kutosha kufika kila kijiji, na makatibu wake wengi walikwenda kwa miguu na kwa baisikeli, kadi zimo mkobani, pampu imefungwa kwenye fremu. Uhuru wa Tanganyika uliopatikana tarehe 9 Desemba 1961 ulipita njia nyingi, na njia moja ilikuwa kijia cha baisikeli.

Hata baada ya hapo taifa letu lilijaribu kujitegemea katika jambo hili. Kilikuwapo kiwanda Dar es Salaam kilichotengeneza baisikeli zilizoitwa Swala, na wazee wengi wanazikumbuka. Leo baisikeli zetu, na hata spoki zake, hutoka ng'ambo. Hilo ni jambo la kuandikiwa makala yake. Hapa twalitaja tu ili ijulikane kwamba baisikeli haikuwa mchezo katika fikira za waliojenga nchi.

Sasa barabara za lami zimeongezeka sana, nasi twafurahi na kuwashukuru waliozijenga. Lakini lami mpya imewekwa mara nyingi juu ya mawazo ya zamani. Bado barabara hupimwa kwa motokaa. Huulizwa: malori mangapi yatapita? Mabasi mangapi? Haiulizwi: wachuuzi wangapi watapita alfajiri, watoto wangapi watakwenda shule?

HESABU YA DARASANI

Tufanye hesabu ambayo mtoto wa darasa la tano aiweza. Tuseme lami ina upana wa mita sita na nusu. Mabasi mawili yanapishana, kila moja lina upana wa mita mbili na nusu. Hayo ni mita tano. Imebaki mita moja na nusu, nayo yagawanywa mara tatu: katikati ya mabasi, kushoto na kulia. Kila sehemu imepata sentimita 50. Usukani wa baisikeli peke yake ni kama sentimita 60. Basi mpanda baisikeli yuko wapi? Hayupo. Hesabu imemwondoa barabarani kabla basi halijamgusa.

Tuongeze hesabu ya pili. Basi liendalo kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kwa kila sekunde moja. Ikiwa kabla ya alfajiri taa za basi zamwonyesha dereva mtu mwenye nguo nyeusi akiwa mita 50 mbele, dereva ana sekunde mbili na kidogo za kufikiri, kukanyaga breki na kukwepa. Atakwepa wapi, na upande wa pili laja lori? Wala tusimtupie dereva lawama yote, wala tusimtupie mpanda baisikeli. Wote wawili wamewekwa mahali ambapo mmoja lazima akose.

Shirika la Afya Duniani lilieleza katika taarifa yake ya mwaka 2023 kwamba watu wapatao milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka duniani, na zaidi ya nusu yao ni waendao kwa miguu, wapanda baisikeli na wapanda pikipiki. Yaani wanaokufa zaidi ni wale wasio na bati la kuwakinga. Hao ni watu wa tabaka gani? Hatuna haja ya kujibu.

WENZETU WAMEFIKA WAPI

Wako watakaosema kuwa mashindano ya baisikeli barabarani ni mchezo wa Wazungu. Tuwaonyeshe mambo yaliyotokea Afrika hii hii.

Katika Eritrea baisikeli ililetwa na Wataliani waliowatawala. Waafrika walizuiwa kushindana nao, kwa madai kwamba si watu wa kiasi hicho. Mwaka 1939 waliporuhusiwa kushindana pamoja, alishinda Mwafrika, Ghebremariam Ghebru. Huko nako ipo njia itokayo baharini, Massawa, na kupanda mpaka Asmara iliyo juu ya mita 2,300. Vijana wao hufanya mazoezi milimani, na matunda yake yameonekana. Mwaka 2015 Daniel Teklehaimanot alivaa fulana ya mfalme wa milima katika Tour de France, Mwafrika wa kwanza kuivaa. Mwaka 2022 Biniam Girmay, aliyezaliwa Asmara, alishinda mbio za Gent-Wevelgem huko Ubelgiji, na mwaka 2024 alishinda hatua tatu za Tour de France na kurudi nyumbani na fulana ya kijani.

Majirani zetu wa Rwanda hawana bahari, wana vilima tu. Mbio zao za Tour du Rwanda zilianza mwaka 1988, na tangu mwaka 2009 zimo katika orodha ya chama cha baisikeli cha dunia, UCI. Abraham Ruhumuriza, aliyeshinda mbio hizo mara tano, alikuwa mbeba abiria kwa baisikeli. Wengine katika timu yao walianza kwa kubeba viazi. Mwezi Septemba mwaka 2025 mashindano ya dunia ya barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza katika Afrika, na wanaume walizunguka kilomita 267.5 juu ya vilima vile. Aliyeshinda ni Tadej Pogačar wa Slovenia. Lakini aliyefaidika ni mtoto wa Kigali aliyesimama kando ya njia akaona kuwa dunia yaweza kuja kwao.

Na Kenya iko hadithi ambayo ni ya fahari na ya uchungu pamoja. Chris Froome alizaliwa Nairobi mwaka 1985, na mwalimu wake wa mwanzo alikuwa Mkenya, David Kinjah, aliyempandisha milima pamoja na vijana wa kijijini. Baadaye Froome alishinda Tour de France mara nne, miaka ya 2013, 2015, 2016 na 2017. Mwalimu alikuwa wetu, barabara zilikuwa zetu, hewa ya milimani ilikuwa yetu. Bendera iliyopandishwa ilikuwa ya Uingereza. Hatumlaumu kijana huyo, kwani kila mtu huenda anakopata njia. Twauliza tu: wale vijana wengine waliokuwa wakikanyaga pamoja naye asubuhi ile, walipata njia gani?

Hapa ndipo penye kiini. Bingwa hatoki hewani. Hutoka katika umati wa watu wanaopanda kila siku, kama vile mwogeleaji hutoka katika watu wa pwani. Umati huo Tanga upo. Lakini mama gani atamruhusu mwanawe akafanye mazoezi ya kilomita mia katika barabara ambayo mjomba wake alivunjwa mguu akitoka sokoni? Anayetaka bingwa na aanze na mjomba.

WANAOPINGA NA MAJIBU YETU

Wa kwanza husema: "Baisikeli ni alama ya umaskini, sasa kuna pikipiki." Twajibu kwamba pikipiki hunywa petroli, na petroli hununuliwa kwa fedha za kigeni. Baisikeli hunywa uji. Tena nchi tajiri sana za Ulaya, kama Uholanzi na Denmark, zimeifanya baisikeli kuwa chombo cha mawaziri na wanafunzi sawasawa. Umaskini ni mtu kushindwa kufika salama aendako, kwa chombo chochote kile.

Wa pili husema: "Hospitali zetu zina shida, nanyi mwataka njia za baisikeli?" Ndugu huyu twamheshimu, maana swali lake latoka katika uchungu wa kweli. Lakini na ajiulize vitanda vile vimejaa nani. Mfupa wa paja uliovunjika wataka upasuaji, vyuma, na miezi ya kulala. Mwenye mfupa huo alikuwa akilisha watu sita au saba. Ukingo wa lami ulioongezwa barabara ikiwa bado inajengwa ni tiba iliyotolewa kabla ya ugonjwa, nayo ni rahisi kuliko kuja kubomoa na kupanua baadaye. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Wa tatu husema: "Njia zilijengwa Dar es Salaam pembeni mwa mabasi yaendayo haraka, nazo zimeingiliwa na pikipiki na meza za wachuuzi." Ni kweli. Lakini mwizi akiingia nyumbani hatubomoi nyumba, twatia kitasa. Njia iliyoingiliwa yataka kulindwa, tena yataka watumiaji wengi, kwani njia yenye watu wengi hujilinda yenyewe.

Wa nne husema: "Wageni wanakuja na baisikeli zao kupanda Usambara, hiyo yatosha." Twawakaribisha wageni, mgeni njoo mwenyeji apone. Watembezaji wetu hupata riziki kwao. Lakini haifai mlima wa Lushoto uwe uwanja wa mgeni na kwa mwenyeji uwe mzigo tu. Kijana anayemwongoza mgeni mlimani huenda ana nguvu kumshinda. Hapana aliyempima.

TUNAYOYATAKA

Kwanza, kila barabara inayojengwa au kukarabatiwa kwa lami katika mkoa huu, ya milimani na ya pwani, iwe na bega la lami la mita moja na nusu kila upande, lililotengwa kwa mstari na kwa matuta madogo ya kumwamsha dereva anayesinzia. Pale ambapo mwamba na korongo vyakataza, kama kwenye kona za Mombo na Soni, ziwekwe sehemu za kusogea pembeni, vibao, na mwendo mdogo kwa magari. Wahandisi waijua kazi hii. Yafaa waagizwe.

Pili, basi au lori likimpita mpanda baisikeli limwachie mita moja na nusu, na askari wa barabarani walisimamie jambo hili kama wanavyosimamia mwendo wa kasi.

Tatu, yaanzishwe mashindano ya kila mwaka toka Lushoto mpaka Tanga, yapata kilomita 160, nayo yafanywe Julai, Saba Saba, wakati mvua za masika zimekwisha na joto limepungua. Njia hiyo ni mtihani kamili. Itaanza kwa mteremko mpaka Mombo, ambako mwoga atabaki nyuma na mpumbavu ataanguka. Kisha tambarare kupita Korogwe mpaka Segera, kusi likipiga usoni, na atakayekwenda peke yake atachoka, maana hapo hushinda walioungana na kupokezana mbele. Toka Segera njia hugeuka kuelekea Muheza na Tanga, upepo ukapiga ubavuni, joto la pwani likazidi, na mshindi atakuwa yule aliyejua kunywa maji kabla ya kiu. Na kiwepo kipengele cha baisikeli za kawaida zenye keria, ili muuza samaki naye ashindane na wenzake na apewe zawadi yake mbele ya watu. Tena wanawake wawe na mbio zao zenye zawadi ileile, shilingi kwa shilingi.

Nne, chama cha mchezo wa baisikeli cha taifa, CHABATA, na Baraza la Michezo la Taifa lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, wasaidiwe na halmashauri zetu kuanzisha vilabu wilayani: Lushoto, Korogwe, Muheza, Pangani na Tanga. Kilabu chataka vitu vichache: mwalimu mmoja, fundi mmoja, pampu, vipuri, na kofia ngumu. Shule za sekondari zinaweza kuwa mahali pake.

WAJIBU WETU WENYEWE

Hatutakuwa wakweli tukidai kwa Serikali na kujisahau. Wengi huendesha usiku bila taa wala kiakisi mwanga. Wengine hupakia mbao zilizokwenda upana wa barabara, au hushuka mlima breki moja haipo na nyingine imefungwa kwa kamba ya katani. Mpanda baisikeli anayedai haki ya barabara aishike na sheria yake: upande wa kushoto, taa nyeupe mbele, nyekundu nyuma, kengele inayolia, breki mbili zinazoshika.

Sisi tunaozunguka vijijini kwa kazi ya Chama, wengi wetu kwa baisikeli, twawajua mafundi walio chini ya miembe, na twajua mahali ambapo watu huanguka. Basi kila tawi na lifanye mambo matatu kabla ya masika yajayo. Liandike orodha ya sehemu za hatari katika barabara ya eneo lake, jina la mahali na sababu yake. Liwaite wapanda baisikeli siku moja, pamoja na fundi, wakague breki na taa. Na liipeleke orodha ile kwa diwani na kwa wenye mamlaka ya barabara, liombe jibu kwa maandishi, na lisomwe mkutanoni. Jambo lililoandikwa na watu mia halitupwi kirahisi kama jambo lililonung'unikwa na watu elfu.

Ndugu wananchi, barabara hujengwa kwa kodi, na kodi hulipwa na wote. Mchuuzi wa samaki hulipa anaponunua sabuni, sukari na tairi. Hakuna risiti iliyoandikwa "hii ni ya wenye motokaa". Kwa hiyo mita moja na nusu tunayoidai ni sehemu ya mali yake iliyokuwa haijagawiwa. Apewe leo apite salama toka msituni mpaka pwani, na siku taifa litakapotafuta mtu wa kulibebea bendera milimani, litamkuta yuko hai, yuko njiani, na miguu yake imekwisha kuiva.

UHURU NA KAZI!